Mama yupo Tongoni, bando linaisha hajapiga: nimuunge kifurushi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu ana miaka 74, anaishi Tongoni na mjukuu wake wa miaka 11. Mimi nipo Mbagala. Mwaka jana nilimnunulia simu janja ya laini mbili, na kila Jumatatu namnunulia bando la wiki la shilingi 3,000, lenye dakika, meseji na MB. Lakini nikimpigia, mara haipatikani, mara inaita haipokelewi. Yeye analalamika salio linaliwa na hajapiga popote. Dada yangu yupo Mombasa, naye anasema mama akimpigia simu inakata hapo hapo. Naomba unishauri simu rahisi na kifurushi cha bei nafuu kinachomfaa mtu mzima. Na hiyo simu janja niifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nina kibanda cha simu Ngamiani, hapa Tanga mjini, tangu enzi za vocha za kukwangua, na nikisema swali lako linaletwa hapa kila wiki sitii chumvi. Anakuja mtoto wa mtu kutoka Dar, ameshika simu ya mamake, anauliza kifurushi gani rahisi. Kabla sijamjibu namwomba hiyo simu. Nafungua orodha ya simu zilizoingia na zilizotoka, tunahesabu wote wawili pale pale kwenye benchi.

Juzi juzi nilihesabu ya bibi mmoja wa Mwarongo, jirani zenu hapo. Kwa siku saba zilizoingia zilikuwa 31. Zilizotoka zilikuwa tisa, na katika hizo tisa, sita zilikuwa za sekunde tatu au nne: bibi kabipu, mtoto kampigia. Zilizobaki ni tatu, jumla dakika saba. Mwanawe alikuwa anamnunulia dakika 200 kwa wiki.

Piga hesabu kidogo. Dakika 200 kwa shilingi 3,000, kwa maandishi ya kwenye menyu, ni shilingi 15 kwa dakika. Rahisi kabisa. Lakini mtu akitumia saba tu na zilizobaki zikafa Jumatatu asubuhi, kila dakika imemgharimu shilingi 428 na ushee. Wewe kwa mwaka unatoa 3,000 mara wiki 52, yaani 156,000. Hela hiyo inanunua simu nzuri ya batani, inamwekea mama salio la mwaka mzima, na chenji inabaki.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza huenda likakushangaza: kifurushi kinunue wewe, ukiweke kwenye laini yako. Huku kwetu anayelipa ni anayepiga. Kupokea ni bure. Mama yako, kama wazee wengi ninaowaona, ni mpokeaji. Akitaka kusema na wewe atabipu, utampigia. Dakika hizo unazomrundikia yeye ndizo unazozihitaji wewe, dada yako na kaka zako kama wapo. Gawaneni siku. Wewe Jumatatu na Alhamisi, mwingine siku nyingine. Saa iwe ile ile, tuseme baada ya magharibi, awe ameshaswali na simu ipo karibu.

Yeye anachohitaji ni akiba ndogo ya kupigia pale anapotaka mwenyewe: kumwita dereva wa bodaboda, kumuuliza jirani, kukupigia usiku ukiwa umelala hukusikia bipu. Kwa hilo mwekee salio la kawaida la 1,000 au 2,000 kwa mwezi bila kumuunga chochote. Ukiona anapiga kweli, labda mara tano kwa wiki dakika tatu tatu, hizo ni kama dakika 60 kwa mwezi. Hapo tafuta kifurushi cha mwezi chenye dakika 60 hadi 100 za mitandao yote, bila MB. Ukikuta kwenye menyu kifurushi kisicho na ukomo wa muda, mchukulie hicho hata kama dakika zake zinaonekana ghali ukizilinganisha na za wiki. Mtu anayepiga mara mbili kwa wiki anaumizwa na tarehe ya kuisha kuliko bei.

Nimesema mitandao yote, na nina sababu. Zamani tulikuwa tunawaambia watu wabebe laini tatu, kwa kuwa kupiga mtandao mwingine kulikuwa kunachoma. Kampuni inayopiga huilipa ile inayopokea gharama ya muunganisho. Mwaka 2018 gharama hiyo ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ikaishusha mwaka hadi mwaka mpaka shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana siku hizi vifurushi vya mitandao yote vimejaa kwenye menyu. Mzee hana tena haja ya kukaa akikumbuka nani yupo mtandao gani. Dakika za ndani ya mtandao mmoja mnunulie tu kama nyote mnaompigia mpo huko huko.

Tuje kwenye hili la "haipatikani", kwa sababu kama simu haiiti, kifurushi ni maneno matupu.

Chaguo la mtandao kwa mzee silifanyi kwa matangazo. Nalifanya chumbani kwake. Ukienda Tongoni beba laini za mitandao miwili mitatu, azima hata kwa jirani. Iweke kila moja kwenye simu ile ile atakayotumia mama, ingia chumba anacholala, funga mlango, kaa kitandani. Angalia vile vimstari vya mtandao, halafu piga, usikilize kama sauti inakatika. Rudia usiku, maana usiku watu wote wako hewani. Usipimie uani chini ya mwembe. Uani kila mtandao ni mzuri. Nyumba ya bati inazuia mawimbi kuliko ya makuti, na wengi wetu tumejengea wazazi nyumba za bati tukashangaa simu zao zimeanza kupotea. Mtandao unaoshinda kitandani ndio wa mama, hata kama ofisini kwako Dar wanaucheka.

Kama namba yake ya sasa ipo kwenye mtandao ulioshindwa, usimbadilishie namba. Namba hiyo ipo benki, ipo zahanati, ipo kwenye daftari la kikundi cha kufa na kuzikana. Tangu Machi 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake: unakwenda kwa wakala wa mtandao mpya na mwenye laini, na neno HAMA linatumwa kwenda 15080 kutoka kwenye namba yenyewe. Mambo mawili tu yafanye kabla. Lipa madeni ya salio na ya mkopo wa kwenye simu, kwani mwenye deni anakwama. Na toa hela yote iliyomo kwenye pochi ya simu, kwa kuwa namba inahama ila pochi haihami nayo.

Kigezo kingine cha mtandao, na hiki watu wanakisahau: wakala gani yupo karibu na nyumba ya mama, na ana hela? Ukimtumia mama 20,000 na wakala mwenye fedha yupo Tanga mjini, nauli ya kwenda na kurudi imekula kitoweo.

Lakini nahisi kwa mama yako tatizo kubwa ni simu yenyewe. Simu janja inataka chaji kila siku, na umeme nao una siku zake. Halafu kuna kile kidege. Ukivuta pazia la juu ya kioo kwa kidole, vinatokea vitufe kadhaa, na kimojawapo ni picha ya ndege. Kikiguswa, simu inazima mawimbi yote huku kioo kikiwaka kama kawaida. Mzee anafuta vumbi kwa pindo la kanga, kidege kinaguswa, siku nzima haipatikani, naye anashangaa watoto wamemtupa. Na inapoita, kupokea kwenyewe ni kutelezesha kidole. Mikono iliyosuka makuti miaka hamsini ni mikavu na migumu, kioo hakiisikii. Anatelezesha mara tatu, simu imekata.

Mnunulie kiswaswadu, yaani simu ndogo ya batani. Usikionee haya, wala usinunue cha bei ya chini kabisa chenye jina usilolijua. Dukani kabla hujalipa fanya hivi. Washa, uwekewe laini, upigiwe pale pale huku umekishika mkononi, usikie kengele yake: iwe inasikika mpaka chumba cha pili. Sikiliza sauti ya sikioni ukiwa umesimama barabarani penye bodaboda, kwa sababu sikio la miaka 74 linapambana kama sikio lako barabarani. Bonyeza namba zote moja moja uone zinaitika bila kukazwa, na zimeachana kiasi cha kidole cha mtu mzima. Menyu iwe na Kiswahili. Tochi iwe na kitufe chake au iwake kwa kubonyeza sifuri kwa muda, isiwe ya kutafutwa ndani ya menyu. Redio ifanye kazi bila waya wa masikioni. Betri iwe ya kutoka, ili ikivimba ubadilishe betri na si simu. Na tundu la chaji liwe la aina moja na la chaja ambayo tayari ipo nyumbani au kwa jirani.

Utauziwa pia vile vitochi vya 4G vyenye batani, muuzaji akuambie "hiki mama anapata na WhatsApp". Vilipotoka vilikuwa na WhatsApp kweli, vingi vikitumia mfumo wa KaiOS. Lakini WhatsApp imeuacha mfumo huo: tangu katikati ya 2024 haikuweza kupakuliwa upya, na mwanzoni mwa 2025 ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo. Ukikipenda kwa sauti yake sawa, ila usikinunue kwa ajili ya WhatsApp.

Laini iwe moja tu ndani ya simu, hata kama ina matundu mawili. Simu ya laini mbili kila ukipiga inauliza "laini ya 1 au ya 2?", na hilo swali dogo limewashinda wengi. Nimeona mzee amebonyeza ya pili isiyo na salio mwezi mzima, akijua simu mbovu.

Ukishanunua, itengeneze kabla hujamkabidhi. Weka namba yako kwenye kitufe cha 2, ya dada yako kwenye 3, ya jirani anayeweza kufika kwa miguu kwenye 4, ya dereva wa bodaboda anayemwamini kwenye 5. Menyu inaitwa upigaji wa haraka; akishikilia kitufe, simu inapiga yenyewe. Kisha chukua rangi ya kucha. Nukta moja nyekundu juu ya 2. Kama anasoma kwa shida, hiyo nukta ndiyo jina lako. Binti mmoja wa Makorora alimpakia mamake rangi tatu tofauti, na yule mama sasa anasema "nampigia mwekundu". Majina yaandike kwa herufi kubwa, na usiandike "Mama Zuu Dar 2". Andika jina analokuita yeye.

Sasa hili la salio kuliwa. Sidhani kama mama anasema uongo. Mashimo ninayoyakuta ni haya.

Shimo la kwanza ni huduma za kujiunga. Ujumbe unaruka wenyewe juu ya kioo: nyimbo za miito, vichekesho, dondoo za mpira, bahati nasibu. Chini yake pana neno "Sawa". Mzee anataka kioo kisafike apokee simu, anabonyeza Sawa, tayari kajiunga, na kila siku shilingi kadhaa zinakatwa. Piga 100 ukiwa na simu yake mkononi, mwambie mhudumu akusomee huduma zote laini ilizojiunga na aziondoe zote. Mwombe pia azuie ujumbe wa matangazo. Halafu ingia kwenye menyu ya laini yenyewe ndani ya simu, uzime zile taarifa zinazoruka.

La pili ni mkopo wa salio. Salio likiisha, mtandao unakukopesha vocha na kuikata pamoja na ada yake mara tu unapoongeza. Mama hajui kukopa, mjukuu anajua. Unamwekea 2,000, inaonekana 900, unadhani kampuni imeiba.

La tatu ni intaneti, na hapa nisamehe, lakini huyo bwana mdogo wa miaka 11 ndiye mteja mkuu wa lile bando lako la Jumatatu. Video zinaanza saa kumi akitoka shule. MB zikiisha na data haijazimwa, simu inaweza kuendelea kuchota kwenye salio la kawaida. Kanuni za vifurushi za TCRA za mwaka 2021 zinataka mteja apewe taarifa matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100, na meseji hizo huja kweli. Ila zinamkuta mama, na mama meseji hasomi. Kwenye kiswaswadu shimo hili linajifunga lenyewe.

Na lipo jingine dogo la saa. Bando la wiki lililonunuliwa Jumatatu saa nne asubuhi linakufa Jumatatu ijayo saa nne. Ukichelewa kununua mpaka jioni, simu zote alizopiga mchana zimekatwa bei ya kawaida. Nalo ni sababu ya kumwekea salio dogo. Likiwa 1,000, hasara yake ni 1,000.

Suala la Mombasa ni rahisi. Dakika za kifurushi, hata za mitandao yote, ni za ndani ya Tanzania. Namba ya dada yako inaanza na +254. Hiyo ni simu ya nje, inalipiwa kwa salio la kawaida kwa bei yake, na kama salio ni sifuri inakata kabla haijaita. Angalia pia imehifadhiwaje. Kama imeandikwa 07 bila +254, mama anampigia Mtanzania asiyemjua. Ihifadhi kamili, lakini apigaye awe dada. Kupokea kwa mama bado ni bure akiwa hapa nyumbani. Mwambie dada aulize kwenye mtandao wake kule Mombasa kama wana kifurushi cha kupigia Tanzania, au atumie WhatsApp ya jirani siku anapotaka kuuona uso. Nyie wa Tongoni mko kusini, hamna shida ya wenzetu wa Horohoro na Jasini, ambao simu zao hudaka mtandao wa Kenya zikiwa sebuleni. Wenye wazee upande huo waziwekee simu uchaguzi wa mtandao kwa mkono, zisijichagulie.

Kuna jambo hukuliuliza, nami silipiti. Laini ya mama imesajiliwa kwa jina la nani?

Usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, na hasa ile Januari 2020 laini zilipoanza kuzimwa, watoto wengi walisajili laini za wazazi kwa vitambulisho vyao wenyewe ili kukwepa foleni. Leo mama anapoteza simu Tongoni, na anayeweza kurudisha laini ni wewe wa Mbagala, kwa kidole chako. Hela ya kikundi inaingia, jina linalotokea ni lako, mweka hazina anagoma kutuma. Piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Ukiikuta ya mama, nenda naye ofisi ya mtandao, ihamishiwe jina lake. Vidole vya watu wazima hugoma kwenye mashine, hasa waliolima au kusuka ukili. Anawe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akauke, ajipake mafuta kidogo tu dakika chache kabla, na mhudumu ajaribu vidole vyote kumi pole pole. Asikubali kuambiwa "bibi vidole vyako vimekwisha" baada ya kidole gumba kimoja. Mwende asubuhi, foleni ikiwa fupi na mhudumu hajachoka.

Kwenye pochi ya simu nina msimamo ambao wengine hawaupendi. Mama awe nayo, lakini isiwe benki yake. Ikae hela ya wiki moja tu. Mwaka jana mzee mmoja aliniletea simu nimbadilishie betri. Kufungua mfuniko, nikakuta karatasi imebandikwa kwa selotepu: namba nne za siri, kwa kalamu ya bluu, na chini yake jina lake kamili. Nilimuuliza nani mwingine anazijua. Akasema, "Wakala, mjukuu, na yule kijana wa duka." Tukabadilisha pale pale. Nikamshauri achague namba anayoikumbuka bila kuandika: si mwaka wa kuzaliwa, wala si 1234. Yeye alichagua kutokana na namba ya kiwanja cha babake, na mimi nikageuka nyuma asije akanionyesha.

Matapeli wanawajua wazee. Ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" imezeeka, lakini bado inanasa, kwa sababu kweli kuna hela mtu alikuwa anataka kutuma. Kuna ya "nimekosea, nimekutumia hela yangu, nirudishie", inayokuja na meseji ya uongo iliyoandikwa mfano wa ile ya kampuni. Kuna ya sauti ya kulia: mwanao kapata ajali, tuma ya matibabu upesi. Usimfundishe mama aina zote hizo, hatazishika. Mfundishe jibu moja la kumpa kila mtu: "Hela anashika mwanangu, ngoja nimpigie." Akate, abonyeze nukta nyekundu. Mkubaliane pia neno moja la nyumbani, jina la mbuzi wenu wa zamani au la kisima, ambalo mtoto wa kweli akiwa na shida atalitaja. Na ajue kwamba mtu wa kampuni akipiga, namba inayotokea ni 100. Ikitokea 07 au 06 halafu anajiita huduma kwa wateja, huyo mwongo. Meseji za kitapeli nawe uzitume kwenda 15040, kisha utaulizwa namba ya aliyetuma, uijaze, haikati hela.

Umesema simu rahisi, nami nimekupa kiswaswadu. Lakini siwezi kusema kila mzee anyang'anywe simu janja. Wapo wenye watoto Muscat ambao uso wa mjukuu kwenye kioo ni dawa, na wapo walimu wastaafu wanaosoma magazeti humo kutwa. Kama mama anaililia WhatsApp, mwachie ile simu kama televisheni: ikae nyumbani mezani, haina laini ya kupigia, ina laini ya intaneti tu, na kiswaswadu ndicho kinachotembea naye shamba na msibani. Hapo nunua MB kidogo kwa mwezi. Simu ya video ya WhatsApp hula kama MB 300 kwa saa, kidogo zaidi au pungufu, kwa hiyo nusu saa kila Jumapili ni kama MB 600 kwa mwezi. Ndani ya WhatsApp, kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa picha na video wenyewe. Kwenye Play Store zima usasishaji wa programu. Simu iwekee nywila, na bwana mdogo asiijue, ingawa sina matumaini sana na hilo.

Kama haililii, ichukue urudi nayo Dar. Ila usiiuze wala kumpa mtu kabla hujafanya haya kwa mpangilio huu. Hamisha kwanza namba zake zote na zile picha za harusi. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uondoe akaunti ya Google iliyomo, ndipo ufute kila kitu. Ukifuta kabla ya kuondoa akaunti, simu ikiwaka inaweza kudai barua pepe na nywila ya mwanzo, ambayo nina hakika ilifunguliwa dukani na kijana mmoja, na si wewe wala mama mnayoijua. Simu za namna hiyo ninazo tano kwenye droo hapa, wenyewe walichoka kuzifuata.